Mashine ya kujazia risasi nyumbani: Dillon, Hornady au Lee?

Risasi ina vitu vinne: ganda la shaba, fataki kitakoni, baruti tumboni na kichwa mdomoni. Ukifyatua, ganda ndilo pekee linalobaki, na hilo unaweza kulijaza tena mara nyingi. Kwenye mashine ya dai moja (dai, kwa Kiingereza die, ni kifaa cha chuma kinachofanya hatua moja ya kazi juu ya ganda) kazi inakwenda kwa mafungu: unabana maganda mia, unabadili dai, unapanua midomo mia, unabadili tena. Mwenye mkono mwepesi hutoka na risasi 50 hadi 100 kwa saa. Mashine ya mfululizo inapanga dai zote juu, maganda yanakaa kwenye sahani inayozunguka chini yake, na kila ukivuta wenzo kila ganda linapata hatua yake kwa mpigo. Sahani ikishajaa, kila mvuto unadondosha risasi moja iliyokamilika. Ndipo zinapopatikana 300, 400, hata 600 kwa saa.

Wengi hununua kwa kutazama namba hiyo ya saa. Ushauri wetu ni kuuliza kwanza maswali mawili: sahani inazungushwa na nani, wewe au mashine? Na kuna kituo cha kukagua baruti kabla kichwa hakijaziba ganda? Mashine zote tutakazozitaja, za kampuni za Dillon, Hornady na Lee, zina kasi ya kutosha kwa mtu wa kawaida. Zinachotofautiana ni namna zinavyokosea, na kosa la baruti hupasua bunduki mkononi.

Tunazungumzia Marekani, ambako kujaza risasi kwa matumizi yako mwenyewe hakuhitaji leseni ya shirikisho. Kuuza ulizojaza kunahitaji leseni ya mtengenezaji. Ndugu zetu walioko huko kwa viza ya muda, iwe ya masomo, ya kazi au ya matembezi, waelewe kwamba sheria ya shirikisho inawakataza kumiliki bunduki na hata risasi, isipokuwa kwa vighairi vichache kama kuwa na leseni halali ya uwindaji. Mwenye kadi ya kijani hayumo kwenye katazo hilo. Baruti na fataki hazipandi ndege ya abiria, si kwenye begi la mkononi wala kwenye mzigo mkubwa, na Kenya na Tanzania kutengeneza risasi bila kibali ni jinai. Kwa hiyo usibebe chochote cha kazi hii kurudi nacho nyumbani.

Unapiga ngapi kwa mwezi?

Ukipiga chini ya 100 kwa mwezi, usinunue mashine ya mfululizo. Ya dai moja itakutosha, na utajifunza kila hatua kwa mkono. Ukivuka 200 au 300 kila mwezi, hasa za bastola, ndipo ya mfululizo inaanza kuwa na maana.

Kaliba nayo ina neno lake. Kwa 9mm akiba ni ndogo, kwa sababu za kiwandani ni rahisi kupita zote. Kwa .45 ACP, .38 Special, .357 Magnum na .44 Magnum akiba inaonekana haraka. Pauni moja ya baruti ina greni 7,000. Ukitumia greni 5 kwa risasi, kopo moja linajaza 1,400. Baruti basi si gharama kubwa. Kinachokula pesa ni vichwa na fataki.

Dillon RL 550C: sahani unaizungusha kwa kidole

Ina vituo vinne. Cha kwanza kinalibana ganda lirudi kwenye kipimo na kusukuma nje fataki iliyokwisha; ukishusha ganda na kuusukuma wenzo mbele, fataki mpya inaingia hapohapo. Cha pili kinapanua mdomo na kumwaga baruti. Cha tatu kinakalisha kichwa, cha nne kinabana mdomo. Baada ya kila mvuto unasogeza sahani mwenyewe kwa kidole gumba.

Uzuri wake uko kwenye huo udhibiti. Kikikwama kitu, hakuna kinachosogea mpaka utake. Unachomoa kishikizo kidogo cha shaba pembeni ya sahani, unatoa ganda lenye shida, unalikagua, unalirudisha au unalitupa. Mgeni wa kazi anaweza kulipitisha ganda moja peke yake vituo vyote vinne, akaelewa kila kituo kinafanya nini kabla ya kujaza sahani. Inapokea dai za kawaida za uzi wa 7/8-14 (unene wa inchi 7/8, nyuzi 14 kwa inchi) za kampuni yoyote, na inabeba kaliba nyingi, kutoka za bastola kama .380 mpaka za bunduki ndefu kama .30-06. Dai nne hukaa kwenye bamba moja linaloshikwa na pini mbili. Ukinunua bamba la pili, kaliba ya pili inabaki na vipimo vyake, huhitaji kuanza upya kila ukibadili.

Ubaya wake unatoka palepale penye uzuri. Ukisahau kuzungusha sahani ukavuta wenzo tena, ganda la kituo cha pili linapata baruti mara mbili. Vilevile vituo vinne haviachi nafasi ya dai ya kukagua baruti, isipokuwa utumie dai moja kwa kukalisha na kubana pamoja. Kwa hiyo macho yako ndiyo mkaguzi. Funga taa ndogo ya LED chini ya bamba, imulike kituo cha tatu, na usiweke kichwa juu ya ganda kabla hujaona baruti ndani.

Dillon XL 750: mashine inazungusha yenyewe

Vituo ni vitano na sahani inajizungusha. Tatizo la kusahau linaondoka, na nafasi hiyo ya ziada inapokea kifaa cha Dillon cha kukagua baruti, chenye fimbo inayoshuka ndani ya ganda na king'ora kinacholia kiwango kikizidi au kikipungua sana. Ukiongeza kilishi cha maganda cha umeme, mkono wa kushoto unabaki na kazi moja tu ya kuweka vichwa, na hapo 600 kwa saa si maneno.

Mtangulizi wake, XL 650, alikuwa akisogeza fataki kila mvuto hata kama hakuna ganda la kuipokea, na nzima zilidondoka. XL 750 inatumia mkono wa kuteleza kama wa 550, na fataki isiyotumika inarudi ikabaki mahali pake. Ni badiliko dogo, lakini ukiwa katikati ya risasi 400 unalishukuru.

Kuna jambo la kutazama kwa karibu. Sahani yake inaruka kutoka kituo hadi kituo kwa mshtuko, na ganda fupi la 9mm lililojaa baruti karibu na mdomo hurusha punje nje. Utaona vumbi jeusi likijikusanya juu ya sahani na kuzunguka mhimili. Vumbi hilo linaingia chini ya maganda, linayainua kidogo, na fataki zinaanza kukaa juu juu. Dawa ni mbili: rudisha wenzo juu polepole katika robo ya mwisho, na punguza nguvu ya springi inayosukuma gololi ya kufungia sahani. Wengine huchagua pia baruti nzito zaidi, yenye ujazo mdogo, isifike mdomoni. Sisi hatuipendelei njia hiyo, na sababu inakuja hapa chini.

Kikwazo kingine ni bei, hasa ukibadili kaliba. Unahitaji sahani, vishikizo, faneli ya baruti na vipande vya kilishi cha maganda, na ukitoka fataki ndogo kwenda kubwa unabadili mfumo wa fataki pia. Mwenye kaliba moja au mbili haoni shida. Mwenye kaliba sita ataona.

Hornady Lock-N-Load AP

Hii nayo ina vituo vitano na inajizungusha, ila sahani inasogea nusu safari wenzo ukishuka na nusu iliyobaki ukipanda. Mwendo huo ni laini, na kwa baruti inayojaa ganda inamwaga kidogo kuliko XL 750 kabla haijarekebishwa. Kila dai inakaa kwenye kikombe chake chenye meno. Unaizungusha kidogo inatoka, unaweka nyingine. Kwa anayependa kujaribu vichwa vya aina mbalimbali, na kila kimoja kina dai yake ya kukalishia iliyopimwa, mfumo huu ni raha. Kumbuka tu kwamba kila dai inataka kikombe chake, na jumla yake ukiihesabu inakaribia bei ya mabamba ya Dillon.

Udhaifu wake unaojulikana ni njia ya fataki. Kipande kinachoteleza kuileta fataki kinapita karibu na mahali fataki zilizokwisha zinapodondokea. Chembe ya masizi au kipande cha fataki kikiingia kwenye njia hiyo, mkono hautarudi wote, na fataki inayofuata haiji. Ukivuta bila kutazama, ganda linakwenda kituo cha baruti likiwa na tundu chini, na baruti inamwagika kwenye mashine nzima. Pangusa njia hiyo kwa brashi kavu kila baada ya fataki 100, wakati unapojaza bomba jipya. Usitie mafuta hapo, kwa kuwa mafuta yanaweza kuua fataki.

Lee: Pro 1000 na Six Pack Pro

Hapa ndipo mwenye mfuko mdogo anapoangalia, na hana haja ya kuona aibu. Six Pack Pro huuzwa chini ya nusu ya bei ya XL 750 yenye kilishi cha umeme, na ina vituo sita, ikiwa na nafasi ya kukagua baruti na ya kubana mdomo peke yake. Mabomba ya kulishia maganda yanakuja nayo. Pro 1000 ni ya zamani zaidi na ina vituo vitatu tu: cha kubana ganda, cha baruti, na cha kukalisha kichwa pamoja na kubana. Nafasi ya kukagua haipo. Kati ya hizo mbili tunashauri Six Pack Pro bila kusita.

Unacholipa kwa unafuu huo ni muda wa kurekebisha. Vipande vingi ni vya plastiki, na vinataka vipangwe sawasawa na kukazwa tena. Kwenye Pro 1000 fataki zinashuka kwa uzito wake kwenye mfereji ulioinama. Zikibaki chache, hakuna uzito wa kuzisukuma za mwisho, na ganda linapita bila fataki. Mwenye mashine hiyo hujifunza kutouacha mfereji ukauke. Six Pack Pro yenyewe ni ya bastola na risasi fupi za bunduki kama .223, mwenye .308 au .30-06 atafute kwingine.

Fataki ndipo mashine zote zinapoumbuka

Fataki ikikaa juu kuliko kitako cha ganda, nyundo ya bunduki inatumia nguvu yake kuisukuma ndani badala ya kuilipua, na risasi haifyatuki. Kwenye rivolva inaweza hata kukwamisha silinda isizunguke. Pitisha kidole kwenye kitako cha kila risasi: unatakiwa kuhisi kibonde kidogo. Ukihisi kinundu, sababu ya kwanza ya kuangalia ni bolti ya katikati ya sahani. Ikilegea hata kidogo, sahani inainuka wakati fataki inasukumwa, na nguvu inapotelea hapo. Ya pili ni uchafu kwenye kikombe cha kusukumia. Ya tatu ni ganda la kijeshi ambalo mdomo wa kishimo chake umebanwa kiwandani. Hilo linahitaji kupanuliwa kwanza, na kati ya mashine za nyumbani Dillon RL 1100 hufanya hivyo katika mzunguko wake wenyewe.

Sasa tazama .45 ACP, ambayo wengi huanguka kwayo. Maganda yake mengi yana kishimo cha fataki kubwa, inchi 0.210. Lakini viwanda kadhaa hutoa yenye kishimo cha fataki ndogo, inchi 0.175. Ukiokota maganda kwenye uwanja wa shabaha, yote mawili yanachanganyika, na kwa ubavuni yanafanana kabisa. Mashine ikijaribu kuingiza fataki kubwa kwenye kishimo kidogo, wenzo unagoma. Usilazimishe. Fataki iliyopondwa inaweza kulipuka, na juu yake kuna bomba lenye nyingine 100. Bomba la chuma linalolizunguka lipo kwa sababu hiyo, kuelekeza mlipuko juu, mbali na uso. Vaa miwani ya kinga kila unapogusa wenzo, na yachambue maganda kwa kuyageuza vitako juu kwenye trei chini ya taa kali. Hapohapo tupa yale ya fataki za Berdan, yenye matundu mawili ndani, kwani yanavunja pini ya dai. Kwa 9mm, chomoa pia .380 zilizojificha: ganda lake lina urefu wa milimita 17, la 9mm lina 19.

Baruti mara mbili, au hakuna kabisa

Chukua 9mm yenye chaji ya greni 4 za baruti nzito na ya kasi kama Titegroup. Greni hizo hazifiki hata nusu ya ganda. Zikimwagwa mara mbili, 8 zinaingia zote, kichwa kinakaa vizuri, na kwa nje risasi haina tofauti na nyingine. Ndiyo sababu mwanzoni tunapendelea baruti yenye ujazo mkubwa, ambayo ikimwagwa mara mbili inafurika na kukupigia kelele yenyewe. Ganda lisilo na baruti ni hatari ya namna nyingine: fataki peke yake inakisukuma kichwa mpaka katikati ya mtutu, na risasi inayofuata inakutana nacho. Ukisikia mlio hafifu usio wa kawaida, simama, toa risasi zote, na hakiki mtutu kwa fimbo.

Kwenye mashine inayojizungusha makosa haya hayaji kwa kusahau. Yanakuja pale kitu kinapokwama, ukarudisha wenzo nusu, ukavuta tena. Kanuni ni moja: mwendo ukikatika, ondoa kila ganda lililopo kati ya kituo cha baruti na cha kukalishia, rudisha baruti kwenye kopo lake, na uanze upya na hayo. Dai ya kampuni ya RCBS ya kufunga mashine inaifanya kazi hii kwa nguvu: baruti ikikosekana au ikizidi, wenzo haupiti. Inaingia kwenye kituo chochote chenye uzi wa kawaida, na kwa bastola tunaiona bora kuliko king'ora, kwani sikio huzoea kelele.

Usichukue kipimo cha baruti kwa rafiki. Fuata kitabu cha vipimo cha mtengenezaji wa baruti au wa kichwa, anza na chaji ya chini kabisa iliyoandikwa, na pima chaji 10 pamoja kwenye mizani kisha gawanya kwa 10. Wakati wa kazi toa moja upime kila baada ya 50. Kalipa, chombo cha kupimia urefu na unene mdogo, nayo iwe mezani: kwa 9mm urefu wote usizidi inchi 1.169, na mdomo baada ya kubanwa usizidi 0.380.

Ukijaza .223

Ganda la bunduki linabadili hesabu yote. Linahitaji kupakwa mafuta kabla ya kubanwa, na likishabanwa linarefuka. Likivuka inchi 1.760 lazima likatwe, kwa kawaida mpaka 1.750. Huwezi kulikata katikati ya mzunguko bila kifaa cha umeme kilichofungwa juu ya mashine. Wengi huenda raundi mbili: ya kwanza kubana na kutoa fataki, kisha kufuta mafuta na kukata, ya pili kujaza. Hapo bamba la kuchomoa la 550 linakuwa na faida kubwa, kwa sababu unaweka mabamba mawili, moja la kila raundi, na kasi ya kujizungusha haikuongezei sana.

Chaguo letu

Anayeanza na mwenye kaliba tatu au zaidi, RL 550C. Anayepiga 500 au zaidi za kaliba moja kila mwezi, na tayari anaielewa kila hatua, XL 750 yenye kifaa cha kukagua baruti. Kilishi cha umeme kinaweza kusubiri mwaka. Anayebadili vichwa na dai mara kwa mara na anayependa mwendo laini, Hornady. Mwenye bajeti finyu, anayejaza bastola tu na asiyechoka kukaza skrubu, Six Pack Pro, pamoja na dai ya kukagua tangu siku ya kwanza.

Ukishanunua, meza ndiyo kazi ya kwanza. Tumia plaiwudi mbili za inchi 3/4 zilizogundishwa, na funga mashine kwa bolti zinazopita chini hadi kwenye washa na nati. Skrubu za mbao zitalegea kabla ya kopo la kwanza la baruti kwisha, na meza inayotikisika inaharibu kipimo. Baruti ibaki kwenye kopo lake la asili. Kanuni ya NFPA 495, ya shirika la Marekani la kinga dhidi ya moto, inaruhusu nyumbani hadi pauni 20, na fataki zisizozidi 10,000. Weka kopo moja tu mezani wakati wa kazi, jina lake likiwa mbele yako. Vumbi la fataki lina madini ya risasi (lead), ambayo ni sumu, kwa hiyo osha maganda kwa maji na pini za chuma badala ya kuyatikisa makavu ndani ya nyumba, na nawa mikono kwa maji baridi na sabuni kabla hujashika chakula au mtoto.